Mpango wa Kushika Mkia

Jumatatu, 4 Mei

Nimeanza rasmi kozi ya bridging, ya kuziba pengo la hesabu, hapa Machakos mjini. Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ulinipa D ya hesabu, na chuo hakimpokei mtu wa D kwa diploma ya upimaji ardhi. Dharau tupu! Shangazi Kalekye ameshatangaza kanisani kwamba nitapima ardhi yote ya Konza. Mwalimu Bartholomew ametuambia chuoni imebaki nafasi moja tu mwaka huu. Tutafanya mtihani kesho, kisha mwingine mwisho wa kozi. Atakayepanda zaidi kati ya hiyo miwili ndiye atakayeichukua. Wenzangu wote wamekimbilia vitabu. Mimi nimecheka. Kesho nitashika mkia makusudi, halafu nipande kama moshi! Sijui kwa nini hakuna mwingine aliyefikiria hilo.

Jumanne, 5 Mei

Kufeli ni kazi! Kila swali nilitafuta jibu kwanza, kisha nikaandika lingine kabisa. Kando yangu alikuwa Mwongeli, msusi wa pale sokoni, akitafuna biro na kutokwa jasho. Akaninong'oneza kwamba hii hesabu itammaliza. Maskini. Nilimwonea huruma kidogo.

Alhamisi, 7 Mei

Balaa! Nimepata sitini na nne. Wa kwanza darasani! Mwongeli, kumi na moja. Mwalimu alinipa mkono, darasa likapiga makofi, nikainama kwa heshima. Ningefanya nini? Ni wazi anasahihisha huku anasinzia. Tatizo ni kwamba sasa Mwongeli ana pa kupanda zaidi kuliko mimi. Mwalimu akauliza nani atamsaidia. Nikainua mkono mbio. Nitamjaza uongo mpaka ashindwe kuhesabu vidole vyake!

Jumatatu, 11 Mei

Somo limefanyika saluni kwake. Nimemwambia, kwa uso mkavu, kwamba ukitaka kugawanya kwa fraksheni, unaipindua ile ya pili juu chini halafu unazidisha. Kugawanya kwa kuzidisha! Akaandika. Nikaongeza kwamba hasi mara hasi ni chanya, yaani hasara mara hasara inakuwa faida. Akaandika hilo pia, akasema hajawahi kupata mtu wa kumweleza taratibu hivyo, akanimiminia chai. Dhamiri ilinisumbua. Ilitulia baada ya mandazi.

Ijumaa, 15 Mei

Mtihani wa mwisho. Leo hakuna mchezo: nimeandika ukweli mtupu, majibu yangu halisi. Nimemaliza kabla ya wote! Nimempigia Shangazi simu achinje jogoo na awaite watu wa kanisa.

Jumatatu, 18 Mei

Mwongeli, sabini na moja. Mimi, kumi na saba. Nafasi imekwenda! Mwongeli alilia, akanikumbatia mbele ya darasa, akasema kila alichopata kimetoka kwangu. Mwalimu aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu, akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Roho iliniuma sana. Nilienda nyuma ya darasa nikafuta machozi kwa mkono wa shati. Bila shaka Mwalimu alisinzia tena akisahihisha.

Nikiwa huko, wenzangu waliofeli wakanifuata, mmoja wao, Mwanzia, akiwa mbele, wakinisihi niwafundishe kwa ajili ya mwakani kama nilivyomfundisha Mwongeli. Wengine walikuwa karibu kulia. Nimeguswa. Hawa ni watu wema, hawajanikosea lolote. Tunaanza kesho, na safari hii sitafanya hila yoyote. Nitawafundisha hesabu ya kweli, vile ninavyoijua mimi.