Tundu Lenu Halichemshi Chai

Tarehe 9 Agosti

Kwa Mkuu wa Malalamiko,
Kiwanda cha Pikipiki Kubwa za Safari.

Ndugu Mkuu,

YAH: TUNDU LA UMEME LINALONIVUNJIA HESHIMA YA NDOA

Natumaini barua hii imekukuta mzima wa afya, wewe na wote unaofanya nao kazi, pamoja na yule aliyechora hilo tundu, ambaye kwa kweli ndiye ninayemtaka.

Mimi ni mjane na mshonaji wa mapazia. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, kwa hiyo nikikosea jina la kifaa utanisamehe. Mume wangu alikuwa fundi wa mizani. Alizunguka kwenye maduka na maghala akiangalia kama kilo ya mwenye duka ni kilo kweli, na kazi hiyo aliifanya juu ya pikipiki yenu kubwa yenye masanduku matatu. Majirani waliiita Sofa kwa sababu ya kiti chake. Alifariki mwaka jana kwa maradhi ya figo, akiwa kitandani, mkono wake umo mkononi mwangu. Nalisema hili mapema ili mwanasheria wenu apumue. Sofa haikumuua mtu. Kosa lake ni jingine.

Chini ya usukani, upande wa kushoto, mmeweka tundu dogo la umeme lenye kifuniko cha mpira, la kuchomekea vitu kama chaji ya simu. Mume wangu kila akirudi safari alikuja na chupa ya chai ya moto, ile yenye kifuniko chekundu. Nikimuuliza ameitoa wapi, alisema imechemka kwenye pikipiki, pale kwenye tundu. Nilimwamini. Mtu anayejua kilo ya kila duka la mji huu utamwambiaje kuwa hajui chai yake imechemkia wapi?

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha familia hapa sebuleni kwangu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alitaka kuichukua Sofa. Nikasema Sofa inabaki pale ilipo, kwenye chumba cha cherehani. Akauliza mwanamke asiyeendesha ana haja gani na pikipiki. Kwa kutafuta sababu nikasimulia habari za chai. Afadhali ningenyamaza. Shemeji ana kipikipiki chake cha kupeleka mikate, na kwa ajili hiyo anajiona bingwa wa injini zote duniani. Alicheka, akapangusa mdomo, akasema mbele ya watu:

"Shemeji, chai haijibandiki yenyewe. Kuna mkono ulikuwa unaibandika."

Wifi akakohoa. Shangazi akatazama dari kama vile kuna kitu kimeandikwa kule. Shemeji akaongeza kwamba nikiweza kuchemsha chai kwenye lile tundu mbele ya macho yake, ataniomba radhi na hataitaja Sofa tena. Nikishindwa, aichukue, na kila mtu aelewe anachoelewa. Nilikubali, kwa sababu nilidhani ni kazi ya kuchomeka tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tundu halichemshi. Nilianza na birika langu la umeme. Kichwa cha birika ni cha pini tatu na tundu lenu ni duara kama pua ya mtoto, kwa hiyo nilimwita fundi umeme wa mtaa. Alikuja na kijisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kabla ya kuunga alinionya kwamba tundu hili ni la wati sitini tu, na birika langu linataka zaidi ya elfu moja, kwa hiyo nilichokuwa naomba ni kuku avute lori. Nilimwambia aunge, kuku wenu nitazungumza naye mimi. Kijisanduku kililia mara moja kama mtu aliyekanyagwa kidole, kisha kimya.

2. Fyuzi. Kumbe kimya kile kilitoka kwake. Fyuzi yenu ni ndogo kuliko kifungo cha shati, lakini yenyewe ndiyo yenye neno la mwisho. Ilikatika kwa birika, ikakatika kwa jiko dogo la umeme, ikakatika kwa pasi. Pasi haichemshi chai, najua, lakini wakati huo nilikuwa nimeshakasirika. Katika maisha yangu, mtu mdogo wa umbo mwenye amri ya namna hiyo nilimjua mmoja tu, naye ni mama mkwe, lakini yeye angalau ukimbembeleza alikuwa analegea.

3. Kitabu cha maelekezo. Mmeandika kwamba tundu ni la "vifaa vya umeme mdogo tu". Mdogo kwa nani? Kikombe cha chai si bahari. Mume wangu maisha yake yote alikuwa akiwaambia wenye maduka kwamba "kidogo" si kipimo. Angekishika kitabu chenu angekitia alama nyekundu na kukifungia, na mngekaa foleni na wauza maharage kusubiri aje kuwafungulia.

4. Betri. Ukurasa wa mbele kidogo mmesema tundu lisitumike injini ikiwa imezimwa. Mngelisema hilo kwa herufi kubwa, maana mimi nililisoma Sofa ilipokuwa imeshakufa betri. Ilibidi majirani waje kuisukuma uani mpaka ikawaka. Jirani wa nyumba ya pili, akiwa anatoka jasho, aliniuliza kwa upole nakwenda wapi. Nikamwambia siendi popote, napika chai. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa sauti ya chini, kama wanavyosalimiwa wagonjwa hospitali.

5. Uvivu. Mashine hii ilimbeba mume wangu, ambaye hakuwa mwembamba, ikanibeba na mimi tulipokwenda harusini kwa mpwa wake, ikabeba na sanduku zima la vyuma vya kupimia mizani, ikapanda mlima bila kukohoa. Leo nasema ipashe maji ya kikombe kimoja, haiwezi. Ni kama baba anayebeba mfuko wa saruji begani halafu akiambiwa abebe mtoto wake mwenyewe anasema ni mzito.

6. Hapa naomba usome polepole. Mume wangu hakuwa mwongo. Aliwahi kumwambia kaka yangu, ukweni, mbele ya wazee, kwamba mizani yake ya nyama inaibia watu, na tulikuwa hatujamaliza kula hiyo nyama. Mtu wa hivyo hawezi kudanganya kuhusu chai. Kwa hiyo, alipokuwa hai, tundu lilichemsha. Sasa halichemshi. Kwa hiyo mmelipunguza nguvu. Sijui mmefanyaje kutoka huko mliko, na fundi umeme anasema haiwezekani, lakini yeye pia alisema kuku hawezi kuvuta lori bila kujaribu. Ninachojua ni kwamba kampuni yenu imesubiri mtu afe, ndipo ikapunguza umeme na kumwacha mjane ajibu maswali peke yake.

Shemeji atasema lipo jibu jingine, nalo ni huo mkono wake. Nimelifikiria, sikatai. Nimelala nalo. Lakini nawaomba mniamini mimi niliyeinywa: chai ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa na ladha ya bati. Majani yalielea na sukari ililala chini nzima nzima. Mwanamke anayemtaka mume wa mtu angalau angekoroga.

Na kila siku ilikuja kwa namna moja. Mume wangu alikuwa hodari wa kuchelewa. Aende karibu, aende mbali, alikuwa anaingia giza limeshatanda na chakula kimepoa, wakati mwenyewe amesema atafika jua likiwa juu. Alikuwa anaweka helmeti juu ya friji, mahali ambapo nilimkataza, halafu kabla sijafungua mdomo ananyoosha chupa na kusema, "Usinigombeze kabla hujanywa." Basi nakunywa kwanza. Nikimaliza namgombeza. Alikuwa ananisikiliza vizuri sana, anaitikia kwa kichwa, kesho yake anachelewa tena.

Juu ya friji sasa nimeweka kikapu cha vitunguu. Hakipendezi.

Kutokana na hayo yote, ninaomba yafuatayo. Kwanza, barua yenye muhuri wa kampuni ikieleza kwamba tundu lenu linachemsha chai na limekuwa likichemsha siku zote. Pili, ikiwa si kweli, basi mliongeze nguvu, na nguvu hiyo ihesabiwe kuanzia mwaka tulioinunua Sofa, ili yaliyosemwa na marehemu yawe sahihi tangu aliposema. Tatu, yakishindikana yote mawili, mtume mhandisi mmoja, mwenye tai, aje akae upande wangu kwenye kikao cha familia. Si lazima aongee. Akikunja uso tu shemeji atapungua.

Nisalimie wafanyakazi wote wa kiwanda, wa rangi, wa magurudumu na wa viti, hasa wa viti, kazi yao haina lawama. Msalimie na mwenzio wa nyumbani. Ukichelewa kurudi leo kwa sababu ya kusoma barua hii ndefu, mwambie ni mimi.

Naomba barua yangu isiwekwe chini ya nyingine. Naomba nikumbukwe.

Wako katika kusubiri majibu,
Mjane wa Fundi Mizani

Tanbihi: Ndugu Mkuu, barua nilikuwa nimeshaimaliza jana, nikasema nijaribu mara moja ya mwisho ili niwaandikie matokeo. Sofa haikuwa na mafuta. Nikachukua dumu nikaenda kituo cha mafuta cha pale kwenye kona. Ukisimama getini kwangu unaziona taa zake, lakini sina gari na sikuwahi kuwa na shida nacho. Dada wa pampu akanitazama, akatazama jina la mume wangu lililoandikwa kwenye dumu kwa rangi, akanipa pole. Halafu akaniuliza kama nimekuja kuchukua kikombe.

Nikauliza kikombe gani.

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati chenye waya, kimefungwa kwenye kitambaa. Mwisho wa waya kuna kichwa cha duara. Alisema mume wangu alikuwa anakiacha pale kwa sababu vile vyuma vya mizani vilikuwa vinakibonyeza sandukuni. Kila akirudi safari alisimama nyuma ya mashine ya kujazia matairi upepo, injini inanguruma, anachota maji ya bomba, anachomeka kikombe na kukilinda asije mtu akakipiga teke, kisha anaimimina chai kwenye chupa. Vijana wa pale walikuwa wanamtania kwamba anachoma mafuta ya kumfikisha mji wa pili kwa ajili ya chai. Dada mwenyewe alimuuliza siku moja, mzee, nyumba yako si hiyo hapo, si uende ukanywe kwako? Akamjibu, "Nikifika mikono mitupu nitagombezwa. Nimeshachelewa."

Nimerudi nacho nyumbani. Nimewasha Sofa, nimechomeka. Nikadhani tundu limegoma kama kawaida, nikaenda kuosha vyombo, nikapinda pazia zima la dirisha kubwa. Nilipogusa, maji yalikuwa ya vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Nikakaa juu ya kiti cha Sofa nikasubiri. Ilichukua karibu saa nzima, lakini yalichemka. Fyuzi haikusema kitu. Ladha ni ile ile ya bati.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu mnaweza kuyafuta. Siyaandiki upya kwa sababu mkono umechoka na bahasha nimeshaiandika. Tundu lenu linachemsha. Marehemu alisema kweli. Kesho nimemwita shemeji aje atazame, na nimemwandalia kiti kigumu, akikalie saa nzima.

Limebaki jambo moja ambalo siliwekei namba. Saa ile ya kila safari alikuwa hapo kwenye kona, anasubiri maji yachemke ili nisimgombeze kwa kuchelewa, na mimi nilikuwa hapa nyumbani napasha chakula na kupanga maneno. Kama tundu lingekuwa na nguvu zaidi, angefika mapema. Nimeifikiria sana hiyo tangu jana, na sijui kama niwalaumu. Nadhani mliache kama lilivyo. Dogo hivyo hivyo.

Sihitaji tena barua yenye muhuri wala mhandisi. Ila siku mnapofunga kile kifuniko cha mpira kwenye pikipiki mpya, naomba mmkumbuke.