Gwadelupe, Martiniki na Moteri ya Mama Florentine

Nikuulize wewe uliyeketi hapo: mtu akikuonyesha samaki wawili walioko bado majini, mmoja mnene na mmoja mrefu, akakuambia chagua, utachagua yupi? Usijibu haraka. Ukishasema "yule mnene", aliyenaswa ni wewe. Samaki bado anaogelea.

Casimir alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote kati ya Uvira na Fizi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shingo ndefu, viatu vyenye ncha kama mdomo wa korongo, na koti la kahawia la vifungo vitatu ambalo halikuvuliwa hata kwa jua la saa saba. Kazi yake ilikuwa mdomo. Kanuni yake ilikuwa moja tu: usimuulize mtu kama anataka, wala usimuulize anataka nini, muulize tu, kati ya hivi viwili, kipi? Kwa kanuni hiyo aliwahi kukodisha vyumba viwili vya nyumba ambayo wakati ule ilikuwa bado mchanga mtoni.

Siku aliyoshuka kwenye mji wa Baraka, kando ya ziwa, alikuwa na njaa, na kwapani alibeba kalenda mbili za ukutani. Alizipata Bukavu kwa mlinzi wa ofisi fulani iliyokuwa ikihama, akamlipa sigara moja. Kalenda moja ilikuwa ya Gwadelupe, nyingine ya Martiniki, visiwa viwili vya Karibi, kule ng'ambo ya bahari kubwa. Alikuwa hajajua bado zitamfaa nini. Mjanja wa kweli haachi kitu njiani. Anakibeba mpaka kimwambie kazi yake.

Akaingia kwa Mama Florentine kutafuta chakula. Mama huyu alikuwa mjane, mwili mzito, macho ya pole, anauza mawese sokoni, na mchana anawapikia wapita njia bukari, ule ugali wa muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, nyumbani kwake, pale karibu na maji. Casimir alikuwa amekwisha kumega tonge la tatu alipoona, pembeni mwa chumba, kitu kikubwa kimefunikwa kikwembe, kitenge cha kanisa. Chini ya kikwembe mabawa matatu ya chuma yalikuwa yanachungulia.

Tonge la nne likabaki mkononi. Moteri ya boti! Nguvu ya farasi arobaini! Kitu kama hicho, ukikifikisha Uvira, unavaa makoti mawili.

"Mama, pale munafunika nini?"

"Ni moteri ya marehemu bwana yangu. Miaka sita haijasema kitu," mama alijibu, akimwongezea ndagala. "Ata yeye mwenyewe hakukuwa anasema mingi."

"Na haujauzisha?"

"Bantu banakuja kila mwezi. Huyu anasema imekufa, nimupe bure. Huyu anasema ataitengeneza, kisha inabaki yake. Nikabafukuza bote."

Casimir akanawa mikono taratibu, kama padri kabla ya misa. Hapo ndipo kalenda zilipomwambia kazi yake.

Kesho yake asubuhi alizitundika sokoni, kwenye ukuta wa duka lililofungwa. Hakupiga kelele. Alisimama katikati yake, mikono nyuma, akahema kwa huzuni kama mtu mwenye watoto wawili anaotakiwa kuchagua mmoja.

"Ni nini ile?" akauliza muuza chumvi.

"Ni vakansi, mama, mapumziko ya ng'ambo. Shirika la ndege limetoa nafasi mbili kwa Baraka. Moja Gwadelupe, moja Martiniki. Lakini mi nimeshindwa kujua gani inapita ingine."

Hakuna aliyeuliza shirika gani. Hakuna aliyeuliza kwa nini Baraka. Kabla jua halijafika utosini soko lilikuwa limegawanyika. Walioko upande wa muhogo walikuwa Gwadelupe, ambayo umbo lake ni kama kipepeo. Walioko upande wa samaki walikuwa Martiniki, kwa sababu kwenye picha yake kulikuwa na boti. Watu waliosali kanisa moja waliacha kusalimiana.

Mpano, mfugaji aliyeteremka kutoka Minembwe kuuza fahali wawili, alizitazama picha zote mbili kwa muda mrefu, fimbo mabegani.

"Majani iko wapi kwa hizi?"

"Zote mbili ziko na majani, mukubwa. Na milima. Na yenye moto ndani!"

"Moto ndani ya mulima? Ng'ombe atalala wapi?" Mpano akainama karibu zaidi. "Na hii kalenda ni ya mwaka gani? 2016?"

"Kule saa iko nyuma ya yetu," Casimir akajibu, bila kupepesa.

"Miaka yote hii nyuma?"

"Bahari ni mbali, mukubwa."

Mpano akatikisa kichwa kwa heshima na kwenda kuuza fahali wake, akisema safari ya namna hiyo ni ya watu wasio na mifugo.

Casimir hakuchukua hata faranga kwa mtu. Wote hao walikuwa chambo tu. Saa tisa, kelele zilipokuwa zimefika hadi ufukweni, alimwendea Mama Florentine nyumbani, kalenda mkononi, sauti chini.

"Mama, nimebakisha siri. Bantu banapigana ju ya nafasi ambazo mi nimeshakuwekea wewe. Chagua moja, ingine nitabapatia. Na haulipe faranga. Shirika linapokea chuma cha zamani. Ata kile kyenye hakisemi tena."

Akainua kidevu kidogo tu kuelekea kile kikwembe.

Mama Florentine alifuta mikono kwenye kiuno. Alizitandaza kalenda juu ya meza, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi. Gwadelupe: nyumba ya buluu, baraza, viti viwili vinavyotazama maji, bilauri yenye mrija. Martiniki: nyumba ya njano, kitanda cha wavu kati ya minazi miwili, boti yenye moteri, mwanamke wa kofia pana ameketi mbele, na mchangani mwanaume mwenye kitambaa mkononi, anapunga.

"Ni mazuri," akasema. "Lakini mi nauza mawese. Muntu akileta mawese ndani ya bidoni mbili, hasemi na mudomo tu, 'hii tamu, hii tamu'. Anafungua, unaweka kidole, unaonja huku, unaonja kule. Kisha unachagua."

"Mama, kisiwa hakionjwi."

"Basi hakinunuliwi." Akaanza kuzikunja kalenda. "Bapatie bale ba ku soko."

"Ngoja, mama! Ngoja kwanza." Casimir alihisi moteri inamtoroka kwa miguu yake yenyewe. "Unataka kuonja namna gani?"

"Kiloko tu, kama mawese ya kidoleni. Ile ukuta ya buluu, nione kama macho yangu itaizoea. Ile viti. Ile kinywaji. Ukinionjesha Gwadelupe vizuri, tunaenda kwa Martiniki."

Unacheka? Na wewe ungefanya vilevile. Mvuvi hatazami bei ya chambo akishaona mkia wa samaki.

Casimir alinunua rangi ya buluu na burashi. Siku mbili alipaka ukuta wa upande wa maji, koti limetundikwa mtini, na mama yuko chini yake anamwelekeza: "Pale umeacha, mutoto wangu. Hapana, juu kiloko. Gwadelupe haina madoa." Akatengenezesha viti viwili kwa seremala. Mama alivikalia, akainuka, akavigeuza.

"Bitazame huku."

"Lakini ku picha bitazame bahari, mama."

"Na huku ni nini?"

Huku kulikuwa ziwa, na ng'ambo ya ziwa rasi ya Ubwari imelala, ndefu, ya kijani iliyofifia, kama mtu aliyejifunika shuka. Casimir hakuitazama mara mbili. Alikuwa anakamua mananasi.

Mama alikunywa kwa mrija, macho ameyafumba. Majirani walisimama kwenye ua wa miti wakimeza mate.

"Unaonaje Gwadelupe, mama Florentine?" wakauliza.

"Si mubaya. Lakini sitasema kitu kabla ya kuonja ya pili."

Martiniki ilikuja na rangi ya njano, kwa ukuta wa upande wa barabara. Ilikuja na kitanda cha wavu, ambacho Casimir alikisuka mwenyewe kutoka kwa nyavu zilizochanika, akang'oka kucha mbili. Ilikuja na maandazi ya samaki, kwa sababu kwenye kalenda iliandikwa kwamba kule wanakaanga samaki wa chumvi ndani ya unga. "Kumbe banakula kama sisi!" mama alisema kwa mshangao, akala kumi na moja. Pesa ya Casimir ilikuwa imekwisha. Lakini alikula pale kila siku, bukari moto na sombe ya majani ya muhogo, na jioni, akiona nyumba ile ya buluu huku na ya njano kule, alisikia fahari kidogo moyoni, kisha akajikemea. Mwizi hapaswi kupenda mlango.

"Sasa mama, chagua."

"Imebaki boti."

"Boti?"

Mama akaweka kidole juu ya picha. "Huyu mama wa kofia amekaa ndani ya boti yenye moteri. Kama sionje ile, nimeonja nusu. Boti ya marehemu iko pale, inalala. Moteri hii hapa. Iseme mara moja tu. Kisha unaibeba."

Casimir alitaka kukataa. Halafu akafikiri kama mfanyabiashara: moteri iliyokufa inauzwa kama chuma, inayosema inauzwa kama moteri. Mama huyu maskini alikuwa anamwongezea faida bila kujua! Akamwonea huruma hata.

Fundi alikuwa Eddy, kijana mwembamba, mkwe wa Mama Florentine. Alifungua moteri, akanusa, akatoa kichwa.

"Buji mbili za cheche, na karabureta. Karabureta ya hii iko Fizi tu, kwa muzee moja."

Casimir akapanda Fizi kwenye pikipiki ya kukodi, mvua ikamkuta mlimani, akateremka na karabureta kifuani na matope mpaka kwenye nyusi. Kwa ajili ya karabureta aliacha simu yake kule. Kwa malipo ya kazi, Eddy alimtazama kuanzia shingoni hadi miguuni, akasema bila haya:

"Koti. Na viatu."

"Ndugu yangu, hii koti inanijua!"

"Nayo itanijua."

Jumamosi asubuhi moteri ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Ikakohoa tena. Mara ya tatu ikasema, ikasema kwa sauti nzito iliyofanya kuku wakimbilie jikoni. Mama Florentine akatoa kitambaa, akajifuta chini ya miwani.

"Moshi," akasema.

Casimir ndiye aliyeibeba mpaka ufukweni, begani, bila viatu. Ndiye aliyeifunga nyuma ya boti, ndiye aliyemwaga mafuta ndani, ya mkopo. Mama alikuja na kofia pana (ile Casimir aliyoinunua kwa ajili ya Martiniki), mfuko mkubwa wa nguo, bidoni mbili za mawese, godoro na jogoo.

"Mama, kwa kuonja tu munabeba godoro?"

"Mugeni wa Martiniki anapumzika wapi?"

Akampa taulo ndogo nyeupe. "Weka ku mukono. Kama ku picha."

Casimir akaiweka. Mama akapanda, akaketi mbele kabisa, mgongo wima. Eddy akakaa kwenye moteri ndani ya koti la vifungo vitatu, viatu vya ncha vikimetameta. Yeye kweli alionekana mtu wa Karibi. Casimir akakunja suruali, akaisukuma boti kwa nguvu zake zote, maji yakamfika kiunoni, akainua mguu ili apande.

"Hapana, hapana!" mama akasema. "Angalia picha yako! Ule wa kitambaa, anabaki wapi?"

Casimir akakumbuka picha. Mguu ukarudi majini wenyewe. Boti ikamwacha, mita kumi, mita ishirini, na kwenye mchanga nusu ya soko ilikuwa imekwisha kukusanyika, Gwadelupe na Martiniki pamoja, wamepatana kwa kicheko.

"Punga, baba!" muuza chumvi akapaza sauti. "Ku picha anapunga!"

"Mama Florentine!" Casimir aliita, na sauti yake haikuwa tena ya mjanja. Ilikuwa ya mtu mwenye baridi. "Mama! Tulipatana! Haujachagua! Gwadelupe ama Martiniki?"

Mama akamgusa Eddy goti, na Eddy akapunguza moteri mpaka ikawa inanguruma polepole kama paka. Akageuka, akaishika kofia kwa mkono mmoja.

"Bukari iko ndani ya sufuria, na sombe! Hiyo njo matabisi yako, zawadi ya juu! Lala ku upande wa buluu, ule wa njano unaingia jua!" Kisha akamtazama kidogo, kwa macho yale ya pole. "Casimir, mutoto wangu! Baraka yote uliiuliza ichague. Mi, siku zote hizi, hakuna siku ata moja uliniuliza nataka nini!"

Casimir alisimama majini, kitambaa mkononi. Tangu azaliwe, swali hilo halijawahi kupita kinywani mwake. Lilitoka kwa shida, kama mwiba.

"Unataka nini, mama?"

"Ubwari!" mama akapaza sauti, na kidole chake kikaelekea ile rasi iliyojifunika shuka. "Kwetu! Miaka sita nilisema sitarudi kule kama muzigo, juu ya boti ya wengine. Nilitaka niende na moteri ya bwana yangu ikisema, na mi nimekaa mbele, kama ile siku alinitoa kule. Njo ile tu nilikuwa nataka, mutoto wangu. Njo ile tu!"