Ile Kaseti ya Theluji Tuliyoichagua kwa Makofi

Dilala, tarehe 9 Mei 1987

Kwa Citoyen Badibanga, Président wa Cercle ya Bricoleurs

Citoyen Président,

Naandika kwa heshima yote, mi Kalombo, memba wenu katika chama hiki cha mafundi wa kujitengenezea, mwenye kugeuza frigo ya zamani kuwa couveuse ya kuangulia mayai. Munajua kompyuta, ile ordinateur ya cercle, inakaa kwangu. Munajua pia mashine ile haifanyi kitu bila programu, na programu inakaa mu kaseti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kaseti zilizotufikia kutoka Belgique zilikuwa mbili. Moja ya kijivu, bila picha: ya kupima joto na kuwasha taa. Ya pili picha yake inang'aa: muzungu anateleza juu ya theluji na mbao miguuni. Mukaziinua mbele ya batu tuchague kwa makofi, kama tulivyozoea kuchagua bakubwa. Mama Mbelu wa animation, ile ya nyimbo za kusifu bakubwa, akaanza wimbo, batu bakasimama, theluji ikapita. Hata mutu moja hakuuliza itatufanyia kazi gani. Ya kijivu ikafungiwa mu armoire, kabati yenu.

2. Nilipolalamika, Komite ilijibu kwamba programu ikishachaguliwa haibadilishwi. Bricoleur njo abadilishe mupango wake. Ndugu Banza, aliyekuwa anatengeneza radio, akaiacha, akaranda mbao mbili, akapanda kilima cha udongo uliochimbwa mu mine. Aliteleza muzuri sana, mara moja. Leo muguu umevunjika, uko mu plâtre, na rapport yenu inasema: matokeo mazuri.

3. Komite ikaamuru tena programu iliyochaguliwa isizimwe, muchana na usiku, kwa heshima. Ee, transfo ya mashine, kile kisanduku cha umeme, inawaka kama mbabula ya makaa! Ngalula, bibi yangu wa ndoa, aliogopa batoto batajichoma, basi nikaisukuma mashine ndani ya couveuse, chini ya mayai niliyoyapanga siku ile ile. Muzungu ateleze humo humo, mulango umefungwa.

4. Hapa njo roho inaniuma. Kuku zetu zote zilikufa na ugonjwa. Ngalula alikwenda kuomba mayai kwa ndugu zake kule Mutshatsha, arobaini, akayarudisha kwa treni juu ya mapaja, hakusinzia njia yote. Bila kaseti ya kijivu taa yangu ya kupasha mayai haijawaka hata siku moja. Leo ni siku ya ishirini na moja, siku ya kuanguliwa, na mulango siufungui, naogopa harufu. Ngalula hanisemeshi. Anaweka sahani yangu mezani, anageuka.

Kwa hiyo naomba kaseti ya kijivu leo leo. Kama haiwezekani, Komite ilete theluji Dilala kabla ya misa ya dimanche, tuteleze sisi bote, na Président mbele.

Pokeeni, Citoyen Président, heshima zangu zilizobaki. Salamu kwa mama wa nyumbani, kwa Mama Mbelu na sauti yake, na kwa muguu wa Banza.

Memba wenu mutiifu,
Kalombo wa Mbuyi

N.B. Naandika mugongoni mwa bahasha kwa sababu nimekwisha kuifunga. Ngalula amefungua couveuse, amepiga kelele toka jikoni: bifaranga thelathini na moja, Citoyen Président! Joto lilikuwa la transfo. Amecheka, amenisemesha, ameniita kwa heshima tata Kalombo mbele ya majirani. Yote ya ndani ya bahasha muyafute. Uchaguzi ujao mi nitapiga makofi wa kwanza, na ile ya kijivu isithubutu kusimama.