Ghuba ya Babu Yake Saruji

Siku halmashauri ilipotangaza kuwa sehemu zote za kando ya ziwa zitarudishiwa majina yake ya zamani, watu wengi waliendelea na shughuli zao. Profesa alikwenda kununua majani ya chai.

Uprofesa huo alipewa kijiweni, kwa sababu ya miwani. Alichemsha chai nzito kwenye jiko la mama yake, akaloweka karatasi, akaianika, kisha akachora ghuba aliyoijua kuliko zote: ile aliyokulia. Ikatoka nzuri kuliko ilivyo. Akaianika tena, wino ukauke.

Mteja alikuwa Bwana Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Mzee wangu, ghuba hii kila utawala umeibadilisha jina," Profesa alisema kwa huzuni ya kitaalamu. "Wakoloni waliipa jina la malkia wao. Uhuru ulipokuja ikaitwa Umoja. Halafu mheshimiwa mmoja akaipa jina la mkewe, yule wa kwanza. Lakini kabla ya hao wote, soma hapa."

Saruji akasoma jina la babu yake. Profesa alikuwa amelinakili makaburini.

"Babu!" Saruji akafuta macho, akalipa bila kuomba apunguziwe. Mtu anayewajua wenye maduka angeshtuka. Profesa alikuwa na haraka.

Kesho yake mama yake akampigia simu. "Njoo mbio! Kuna mtu hapa uani na ramani. Anasema nimejenga kwenye ardhi ya babu yake, nihame."

Profesa alifika na pikipiki yake, jasho linamtoka.

"Mzee, ramani hiyo ni ya uongo."

"Si uliniapia ni ya kweli?"

"Nilidanganya."

"Mtoto yeyote angemtetea mama yake hivyo," Saruji alisema kwa upole. "Naipeleka halmashauri. Labda atokee wa kuinunua, lakini urithi wa babu siuachi kwa bei ya karatasi."

Mama alikuwa ameanza kufunga sufuria zake kwenye shuka, moja moja, akivuta kamasi. Profesa hakuweza kutazama. Alirudisha pesa zote, akaongeza akiba yake, akaongeza na pikipiki. Akapewa ramani, akaichana palepale, akaondoka kwa miguu.

Barabarani akagundua ufunguo wa pikipiki bado uko mfukoni. Akarudi, maana mapatano ni mapatano.

Sufuria zilikuwa jikoni. Saruji alikuwa juu ya ngazi, anapima paa.

"Mabati ya rangi gani, dada?"

"Mekundu," alijibu mama. Alipomwona mwanawe hakushtuka hata kidogo. "Ingia, mwanangu. Mabati nimekuomba mpaka nimechoka."

"Mama! Ulijua?"

"Ulidhani nani alianua ramani yako mvua ilipotaka kunyesha? Nikasoma jina, nikakutangulia dukani."

Profesa akakaa kizingitini. Mama akamsogezea kiti, akainamisha kichwa karibu na sikio lake.

"Karatasi nyingine unayo? Mwenye nyumba ya wageni naye alikuwa na babu."