Ndiyo kwa Kisu, Ndiyo kwa Uchungu

Jumatatu, 11 Machi
Kliniki asubuhi. Daktari Evandro kapima tumbo, kasema mtoto ni mkubwa, Alhamisi saa tatu anipasue, saa nne yeye yuko kwenye kahawa. Nikasema ndiyo, daktari. Jioni mkunga Zulmira kaja nyumbani, kapapasa tumbo lilelile, kasema mtoto ni wa kawaida kabisa, nisubiri uchungu, mwili unajua kazi yake. Nikasema ndiyo, dada.

Naogopa kisu. Naogopa uchungu. Ila kumwambia mtu hapana naogopa kuliko vyote! Mpango: nikae kimya. Mmoja wao atakata tamaa.

Jumanne, 12 Machi
Hakuna aliyekata tamaa. Mama mkwe, Dona Neuza, kaleta sabuni mia na ishirini za kuwagawia wageni watakaokuja hospitalini. Kila moja ina utepe na maandishi ya dhahabu: Heloísa, 14 Machi. Msusi naye kaagizwa aje wodini, nisipigwe picha na nywele timutimu. Nikauliza kwa upole, je, mtoto akiwa na tarehe yake? Kanitazama kama nimetukana.

“Tarehe gani tena, mwanangu? Hii imeshachapwa!”

Dada yangu Marlúcia alipasuliwa. Anasema mwezi mzima hakuweza kukohoa bila kukumbatia mto, kwa maumivu ya mshono. Mama alinizaa kwa uchungu wa siku mbili, na hajaacha kunikumbusha. Nimewasikiliza wote. Hata vimikate vya jibini nimevirudisha kabatini. Nikifa je? Mtoto akifa kwa sababu nilichagua vibaya?

Mpango mpya: Alhamisi niamke na mafua. Daktari gani atampasua mtu anayepiga chafya? Nimenunua pilipili ya unga. Werevu mtupu!

Jumatano, 13 Machi (nimeandika siku ya pili yake, nimelala chali)
Nikajaribu pilipili mapema, nizoee. Chafya kumi na moja. Ya kumi na mbili, chupa ya uzazi ikapasuka, maji hadi kwenye zulia. Mume wangu Gilson akadhani nimejikojolea, akaleta deki.

Nikampigia Zulmira. Gilson, bila kuniuliza, akampigia daktari. Wakakutana kitandani kwangu hospitalini, mmoja kila upande. Daktari akasema, “Mama, si tulikubaliana?” Zulmira akasema, “Dada, si tulikubaliana?” Nikawaambia wote ndiyo.

Daktari akavua miwani. Akasema haya, tumesikia ya kwake na ya mkunga. Mimi mwenyewe nataka nini? Nikaangua kilio. Miezi tisa, ndiyo kwanza naulizwa. Au labda niliulizwa, nikajibu kabla sijafikiri. Nikasema nijaribu kusukuma, na mtoto akichoka, wanipasue. Wote wawili wakaitikia kwa kichwa. Kumbe inawezekana!

Saa kumi na mbili za uchungu. Zulmira ananikanda mgongo, mimi namtukana Gilson na ukoo wake. Kisha mapigo ya moyo ya mtoto yakashuka, yakakawia kupanda. Sijawahi kuogopa vile. Nikasema mwenyewe, kwa sauti: pasua! Heloísa akalia kabla usiku wa manane haujafika. Mzima. Mimi mzima.

Basi nilikubali vyote viwili, na nimepewa vyote viwili. Dona Neuza yuko kwenye kiti na kalamu, anageuza nne kuwa tatu kwenye sabuni mia na ishirini. Haongei na mimi.

Jumamosi, 16 Machi
Nyumbani. Nikicheka, mshono unanikata. Lakini mimi ni mtu mpya! Nimemwambia Gilson: kuanzia leo nasema ninachotaka, mtu asinune.

Asubuhi Marlúcia kaomba awe mama wa ubatizo wa Heloísa. Nikasema ndiyo, dada, nani mwingine? Mchana Dona Neuza kaongea nami hatimaye, machozi yakimlenga: nafasi hiyo apewe bintiye Sueli. Nikasema ndiyo, mama.

Gilson anauliza sasa itakuwaje. Hajui kupanga mambo, maskini. Parokia ziko mbili, na mapadre wake hawasalimiani. Tutambatiza mara mbili.