Z ya Zamani Itambeba Bibi Harusi

Jumanne, 25 Aprili 1995

Ambilikile amerudi kutoka Dar es Salaam na Nissan Z. Mpya. Yaani ya mwaka tisini, lakini kwa Kyela hiyo bado inanukia kiwandani. Nyeupe, pana, imelala chini kama mamba aliyeshiba. Ameiegesha mbele ya duka lake Mbugani, mlango wazi, redio inaimba Kichewa. Wauza mchele wameacha mizani kuja kuitazama.

Anajua fika kwamba mimi nina Datsun Z ya mwaka sabini na mbili. Niliinunua kwa mkulima wa chai wa Tukuyu aliyekuwa anarudi kwao. Datsun ndilo jina la zamani la Nissan, na hilo ni gari la kwanza la ukoo huo. La kwake ni kitukuu. Nilimwambia mbele ya watu kwamba kitukuu hamfundishi babu kutembea. Akaniuliza, "Kwani babu siku hizi anatembea, Mwalimu?" Watu wakacheka. Baadhi yao niliwafundisha historia. Kazi bure.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya kicheko. Jumamosi ya wiki ijayo mwanangu Moses anamwoa Hellen wa Bujonde. Ambilikile ameiambia kamati ya harusi kwamba gari lake litamleta bibi harusi kanisani, bure kabisa. Mke wangu Rut anasema huo ni ukarimu. Mimi nasema ni uvamizi. Mkwe wangu ataletwa na gari langu, au mimi si Asajile.

Alhamisi, 27 Aprili

Kikao cha kamati. Mwenyekiti ni Angetile, shangazi yake Hellen, mama asiyecheka ovyo. Niliomba nafasi, nikapewa, nikaitumia. Rut anadai nilizungumza mpaka chai ikapoa. Chai hupoa yenyewe.

Nilisema hivi. Gari langu ni jepesi. La Ambilikile limenenepa kama waziri. Ukifungua boneti yangu unaona injini, silinda sita zimejipanga mstari mmoja kama watoto wa shule, na chini yake unaona ardhi. Ukifungua yake unaona mabomba, na huoni hata pa kuingiza mkono. Mimi nina kabureta mbili ambazo mtu mwenye sikio na bisibisi anaelewana nazo. Yeye ana kompyuta. Ikinuna, atamwita nani, Mjapani? Tena gari la aina yangu lilishinda mbio za Safari, kwenye tope letu hili la Afrika Mashariki. La kwake lilizaliwa lamini na linaota lami.

Kisha nikapanda juu zaidi. Nikasema soko huria limetulewesha. Kila kilichoshuka melini jana tunakiona bora kuliko kilichotulea. Tulianza na mashati, sasa magari, kesho tutaagiza babu wapya. Cha kale kilichotengenezwa vizuri hakishindwi na kipya, iwe gari, iwe elimu, iwe mila. Wazee wa Bujonde walipiga makofi.

Ambilikile akasimama. Akasema gari lake lina nguvu karibu mara mbili ya langu, lina kiyoyozi, paa lake la kioo linatoka, na lina viti vinne. Akakaa. Huo si mjadala. Hilo ni tangazo la biashara.

Angetile akauliza kama gari langu huwaka. Nikasema linawaka kwa anayelijua, na katika wilaya hii anayelijua ni mmoja, yuko mbele yao. Kamati ikaamua: Jumapili baada ya ibada magari yote mawili yaende Bujonde nyumbani kwa bibi harusi na kurudi. Litakalorudi vizuri ndilo litakalombeba.

Jumapili, 30 Aprili

Ushindi. Naandika bado nina tope masikioni, na ni tope tamu.

Kabla ya kuondoka nilimnong'oneza Ambilikile kwamba njia fupi ya kupitia mashamba ya mpunga imewekwa changarawe. Si uongo. Iliwekwa. Mwaka wa themanini na tisa.

Alinipita kwa kishindo pale penye migomba, mkono mmoja kwenye usukani, akinipungia kwa ule mwingine. Nilipomfikia, gari lake lilikuwa limekaa kwa tumbo katikati ya njia kama kuku anayeatamia. Tairi zinazunguka, gari halina habari. Mimi nilipita pembeni, gia ya pili, kidogo kidogo, kabureta zikikohoa kwa heshima. Nikasimama mbele yake kumpa ushauri wa bure kuhusu uzito na kina cha tumbo. Alinijibu kwa Kinyakyusa. Sitaandika alichosema, leo ni Jumapili.

Wakulima walilisukuma likatoka. Nilirudi kanisani kwanza. Angetile akalizunguka gari langu, akagusa tairi, akaniita baba kwa Kinyakyusa: "Haya, tata. Umeshinda." Nimeshinda. Imeandikwa.

Jumatano, 3 Mei

Kikao cha mwisho. Nilikwenda nimevaa tai. Ratiba ikasomwa: saa tatu gari la bibi harusi litoke Bujonde. Dereva: Mwalimu Asajile. Nikainamisha kichwa kupokea heshima.

Angetile akavua miwani. Akauliza bibi harusi atakaa wapi.

Nikasema atakaa kiti cha abiria, ni kiti kizuri, ngozi yake imeshonwa upya.

Akauliza kiti hicho kiko wapi.

Nikasema kiko kando ya dereva. Gari lina viti viwili tu. Ndiyo uzuri wake.

Halafu mama mmoja pembeni akaguna, na mimi nikalegeza tai.

Kwa wasioishi huku: mke wa mwana hamkaribii baba mkwe wake. Hamwangalii, hatamki jina lake, wakikutana njiani yeye hukata kona. Familia nyingi zimelegeza siku hizi. Ya Hellen haijalegeza hata uzi mmoja. Tangu posa ipokelewe, binti huyo akiniona kwa mbali huingia migombani na ndoo yake kichwani. Namfahamu kwa mgongo tu. Na mimi, mtu aliyesoma kila gazeti la magari lililowahi kufika Kyela, nilikuwa nimejipangia kukaa naye bega kwa bega kutoka Bujonde hadi kanisani, katikati yetu pana breki ya mkono.

Nilijitetea. Nikasema nyakati zimebadilika, tusiwe watumwa wa mambo ya kale.

Ambilikile alisubiri nimalize. Akasema kwa upole, "Mwalimu, si ulituambia cha kale hakishindwi na kipya? Iwe gari, iwe elimu, iwe nini vile?"

Kamati nzima ikamalizia kwa pamoja: iwe mila.

Nimepewa siku mbili nitafute dereva. La sivyo bibi harusi atakwenda na kile chombo cheupe.

Ijumaa, 5 Mei

Moses anaweza kuendesha, lakini bwana harusi hamfuati bibi harusi, humsubiri kanisani. Nikamjaribu Enoki, fundi wa baiskeli. Alilizima mara kadhaa, kisha likawaka ghafla likaingia kwenye uzio wa jirani. Nikafunga pazia la mkeka kati ya viti viwili, nimwendeshe mkwe bila kuonana. Nikamkalisha Rut upande wa pili kwa majaribio. Gia ya pili ikampiga goti kupitia mkeka. Gia ya nne sikuipata kabisa. Rut akauliza kutoka upande wa pili kama ninagombania gari au ninagombania kuonekana. Swali la uchochezi.

Alasiri akaja Ambilikile mwenyewe, kwa miguu. Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo, Asajile."

Alikuwa dereva wa malori ya Karonga kabla hajafungua duka. Nilikuwa nimelisahau hilo kwa makusudi. Nikampa nione aibu yake. Akavuta choki ya kabureta nusu, akasikiliza, akagusa mafuta kidogo. Likawaka mara moja. Mimi huniwakia baada ya kulisihi. Msaliti.

Hivyo kesho Datsun yangu itambeba bibi harusi, na Ambilikile ataiendesha. Mimi nitaendesha lake. Nilifikiria kukataa. Kisha nikafikiria Hellen akishuka kwenye lile zigo jeupe mbele ya waumini wote. Nikakubali.

Jumamosi, 6 Mei

Alimleta salama, kwa njia ndefu iliyo kavu. Hilo nakiri. Wanawake wa Bujonde walipiga vigelegele wakalitaja jina la Ambilikile.

Mimi nilibaki nyuma sana, bibi harusi asinione hata kwenye kioo. Nilimbeba Angetile, Rut, na vyungu vya Ikombe vya zawadi kwenye viti vya nyuma. Nakubali kwamba viti vya nyuma vinafaa kwa vyungu. Gari halina klachi, mguu wa kushoto umekosa kazi kama vijana wetu. Kiyoyozi ni kizuri. Sitaandika zaidi ya hapo. Angetile anasema nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nakodoa macho.

Nilipoingia kanisani mchungaji alikuwa akimshukuru ndugu Ambilikile kwa kumleta bibi harusi kwa gari zuri, tena la kisasa.

La kisasa! Nikasimama. Rut akavuta koti langu, nikaliacha mkononi mwake. Nikamsahihisha mchungaji: gari ni la mwaka sabini na mbili, na ni la baba mzazi wa bwana harusi, ambaye ni mimi. Sikukumbuka kwamba Hellen alikuwa amesimama pale pale, ametazama upande wangu. Aligeuka akajificha nyuma ya msimamizi wake, shela na yote, na hakutoka mpaka nilipoketi. Ibada ikasimama. Moses alinitazama kama mtu ambaye bado hajasema "ndiyo" na angependa kubadilisha baba.

Jumatatu, 8 Mei

Ambilikile amepigwa picha ameegemea boneti yangu. Imebandikwa dukani kwake. Nusu ya mji inaamini ana magari mawili.

Asubuhi Moses alileta salamu za mkewe, kwa kuwa yeye hawezi kunisemesha. Ndaga fijo, anasema. Ameshukuru sana, hakutegemea kuletwa kwa gari zuri namna ile. Nikamtuma Moses arudi akamuulize, mlangoni, lipi bora kati ya la zamani na jipya. Jibu likaja: hajawahi kupanda lile jingine, hawezi kusema. Nimempata mkwe mwenye akili. Lakini kwa upande wa hoja, ukweli ni mmoja: gari lililombeba ni la zamani. Nimeshinda. Kilichonikwamisha si gari wala si mimi, ni udugu tu.

Na udugu unarekebishika. Mwanamke ninayeweza kukaa naye kiti cha mbele bila lawama ya mtu yeyote ni binti yangu wa kuzaa. Lusungu atamaliza chuo cha uuguzi mwezi wa nane. Nimemwambia Rut harusi iwe Septemba, barabara zitakuwa kavu, dereva nitakuwa mimi. Rut akauliza Lusungu anaolewa na nani. Ni jambo dogo hilo. Mchana nimepita madukani Mbugani, nimeanza kuwaangalia vijana.