Ombi la Kutozibwa kwa Tundu Lililo Nyuma ya Kalenda Yangu

Idarusi Uweso,
Dalali wa Nyumba na Viwanja,
Jengo la Mkarafuu, Ghorofa ya Pili,
Ngamiani, Tanga.

Kwa Maalim Haroub Shaame,
Mwenye Jengo,
Wete, Pemba.

Maalim wangu mheshimiwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na mvua imekupa nafasi ya kuanika karafuu zako. Sisi huku jengoni sote hatujambo, isipokuwa mimi.

Nakuandikia nikiwa mpangaji wako wa kwanza, niliyehamia humu rangi haijakauka vizuri. Nakuomba uwazuie mafundi wanaotarajiwa kuja Jumamosi kuziba tundu katika ukuta wa ofisi yangu. Naelewa kwamba si kawaida mpangaji kudai ukuta wake uachwe na tundu. Ndiyo maana nimeona nijieleze kwa namba, kistaarabu.

1. Kuhusu hewa. Siku uliponikabidhi ufunguo ulisema kwa kinywa chako, tukiwa pale kwenye ngazi, "Idarusi, hapa utapata hewa." Nimeipata, na sijawahi kulalamika. Sasa nasikia amejitokeza mfanyabiashara wa dawa anayetaka ghorofa yote ya juu. Dawa zake zinataka ubaridi, na hatatia saini mpaka apewe cheti kwamba jengo halivujishi hewa. Sina ugomvi na dawa. Lakini Maalim, watu wa pwani tumejenga miaka yote ili upepo upite. Wewe ndiye wa kwanza kujenga jengo, kisha ukamwajiri mtu aje kuufumania upepo ukipita.

2. Kuhusu tundu lenyewe. Fundi bomba wako alipokuwa akipandisha maji kutoka saluni ya Bi Zuleha, ambayo iko chini yangu barabara, alitoboa tundu la kupita mguu wa mtu mzima, akapitisha bomba la ukubwa wa kidole gumba. Nafasi iliyobaki alimwachia Mungu. Mimi nikaifunika kwa kalenda. Mwanzoni kilichokuja ni harufu ya mafuta ya nywele. Baadaye yakaja maneno. Naomba ieleweke wazi kwamba sikutega sikio. Kiti nilikisogeza pale kwa ajili ya kaubaridi kanakotoka ukutani. Mto niliuweka kwa ajili ya mgongo.

3. Kuhusu riziki yangu. Udalali ni kazi ya habari. Wenzangu wanazitafuta juani, Makorora na Chumbageni, viatu vinaisha nyayo. Mimi zilikuwa zikinifuata. Mwanamke akiingiza kichwa ndani ya draya hajisikii mwenyewe, hivyo hupaza sauti, na nisiposikia hapo itakuwa nimemkosea adabu. Ndivyo nilivyopata kujua kwamba Bi Chiku, mjane wa Tongoni, anataka kuuza shamba la minazi aliloachiwa na marehemu, na kwamba atawaambia wanawe pole pole, akishapata maneno mazuri ya kuwaambia.

Asubuhi yake nikampelekea mnunuzi mpaka barazani. Nikamkuta amekaa na wanawe wote, wanachambua choroko. Nikasema, "Bi Chiku, yule mtu wa lile shamba nimekuletea." Nakuuliza, Maalim: mji huu una dalali gani mwingine mwenye huduma ya namna hiyo? Badala ya shukrani, mama alikana kunijua. Mtoto wa kwanza akaingia ndani, akatoka na karatasi za shamba zimo kifuani mwake, akaondoka nazo mpaka leo. Kwa hiyo biashara ile niliipoteza. Watu wanasema na Bi Chiku naye amepoteza, hasemezani na mwanawe. Siwezi kulipinga.

Bi Chiku alirudi saluni kuuliza nani ameyatoa maneno yake nje. Bi Zuleha akaapa, akachunguza, mwishowe akamfukuza Samira, binti anayesuka pale, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anamshika kichwa siku ile. Nilisikia yote. Binti alikuwa akilia, "Wallahi si mimi, shangazi, mimi hata Tongoni sijawahi kufika." Nilisikitika mno. Hata kahawa niliiweka chini mpaka alipomaliza kulia. Lakini ningeshuka niseme nini? Ningeuvuruga utulivu wa jengo lako.

4. Kuhusu siku ya kipimo. Mhandisi uliyemleta, Bwana Laurenti, mtu wa Amani kule milimani, alikuja na masanduku yake, akatuamuru tufunge madirisha yote na tujaze maji kwenye mashimo ya vyoo. Alianza na ofisi yangu. Alitandaza turubai jekundu kwenye fremu ya mlango, akapachika katikati yake feni kubwa ya kuvuta hewa kutoka ndani kupeleka nje. Mimi akaniacha ndani. "Mzee, kaa humo uniangalizie," aliniambia kwa nje, "ukiona pazia au kitu chochote kinacheza, sema."

Akawasha. Maalim, masikio yaliziba kama ya mtu aliyepiga mbizi. Halafu kalenda ikanyanyuka. Hakuna aliyeigusa. Ilinyanyuka kutoka ukutani ikasimama imenyooka mbele yangu, inapepea kama bendera ya shule.

Laurenti akauliza, "Kuna kinachocheza?"

Nikajibu, "Hakuna."

"Mbona hesabu yangu inakataa?"

Nikamwambia hesabu aliyoisoma milimani huenda haijazoea joto la huku. Yeye hakubishana. Aliiacha feni inavuma, akashuka saluni kutafuta hewa inakotoka. Kijidude chake cha kutolea moshi, wa kuonyesha hewa inakoelekea, kikamwishia moshi, na Bi Zuleha, kwa ukarimu wake usio na mipaka, akampa chetezo chenye udi. Laurenti akakisogeza kwenye bomba lililo nyuma ya beseni la kuoshea nywele. Wanasema moshi haukuyumba hata kidogo. Ulinyooka ukaingia ukutani, kama mwenyeji anayerudi kwake.

Huku juu nikaona udi unachomoza. Nilifanya ambacho mpangaji yeyote mwenye kujiheshimu angefanya: niliuzuia kwa mgongo. Ukapita mabegani. Nikaupepea kwa faili urudi ulikotoka. Lakini feni ilikuwa na nguvu kuliko mimi, ikauvuta wote ukatoka mlangoni mwangu, ukajaza ukumbi. Nikasikia kandambili zinapanda ngazi. Laurenti alipozima mashine na kufungua turubai, nyuma yake walikuwapo Bi Zuleha, wateja wake wenye hina mbichi mikononi, na, kwa bahati yangu mbaya, Bi Chiku, nusu ya kichwa imesukwa. Wakanikuta nimebana mgongo ukutani, udi unanitoka kwenye kola.

Laurenti peke yake ndiye aliyefurahi. "Mzee sogea kidogo. Ndilo hili!"

Wanawake hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga. Walikiangalia kiti, wakauangalia mto, wakakiangalia kikombe cha kahawa. Kisha Bi Chiku akasema taratibu, "Kumbe nilikuwa nakuhadithia wewe." Basi. Akashuka, na wenzake wote wakamfuata.

5. Kuhusu hali ilivyo sasa. Samira amerudishwa kazini, na Bi Zuleha alikwenda mwenyewe mpaka kwa mama yake kuomba radhi. Hilo sina neno nalo. Ila mimi nani ameniomba radhi? Nikipita ngazini wanawake wanahamia Kidigo, na Kidigo mimi nakijua, kwa hiyo naumia mara mbili. Bomba wamelitegea redio. Tena Laurenti ameandika katika taarifa yake, na nakala imebandikwa mlango mkubwa wa jengo: "Uvujaji mkubwa: ofisi ya dalali." Hajaandika ukuta, hajaandika bomba. Ameandika mimi.

6. Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu:

Tundu libaki kama lilivyo, kwa kuwa nimelikuta na limekuwa sehemu ya pango langu.

Mfanyabiashara wa dawa ashauriwe kutafuta jengo lingine. Yapo mengi na nitamtafutia mwenyewe.

Bi Zuleha aelezwe kwa maandishi kwamba hewa ikishapanda kutoka kwake huwa ni mali ya mpangaji wa juu, pamoja na vyote vilivyomo.

Redio iondolewe. Na ikiwezekana wateja wanaokuwa kwenye draya wahimizwe kutamka vizuri majina ya mitaa, maana mara mbili nimepeleka wanunuzi Kigombe kwa nyumba ambayo kumbe iko Kange.

Sina nia mbaya na mtu. Nataka tu kurudishiwa upepo wangu.

Nisalimie sana Bi Time na watoto, msalimie Rahimu na mkewe, wasalimie majirani wote wa Wete walionipokea kwa pweza mwaka ule. Wa hapa wangekusalimu, ila siku hizi hawanisemeshi.

Wako mtiifu na mwenye kuvumilia,

Idarusi Uweso

Nyongeza: Maalim, tafadhali yahesabu yote yaliyo juu kuwa hayakuandikwa. Nina mazoea ya kusoma barua zangu kwa sauti kabla ya kuzitia katika bahasha, nipate kusikia kama zina heshima. Hii nimeisoma yote, taratibu, nikiwa kwenye kiti changu. Nilipofika mwisho redio ikazimwa, na sauti ya Bi Zuleha ikapanda waziwazi: "Kaka Idarusi, namba tatu turudie. Draya ilikuwa inaunguruma." Kikafuata kicheko ambacho sijawahi kukisikia katika jengo hili.

Nimeshuka kuuliza. Kumbe Laurenti alipoondoka aliacha kipande kizima cha dari ya saluni kimefunguliwa, mafundi wapate pa kupitia, na tangu siku ile wananisikia mimi. Simu zangu zote wamezisikia. Mke wangu naye, ambaye jana nilimwambia kwa simu kwamba niko Muheza, anasukwa pale kila Alhamisi. Bi Chiku ananisubiri mlangoni na mwanawe mkubwa; amemleta asikilize hiyo namba tatu, na wamekuja wanasemezana.

Kwa hiyo mafundi wasingoje Jumamosi. Waje leo, waje na saruji, na Laurenti arudi na feni yake apime mpaka aridhike. Gharama zote juu yangu.

Nyongeza hii sijaisoma kwa sauti.